Probox ya manyuali kwenye milima ya Lushoto: maoni yangu yote, nzuri na mbaya

Wakuu, nimeulizwa sana kuhusu hii gari, hasa na watu wanaotaka gari ya kazi alafu wamekwama hawajui wachukue oto au manyuali, sasa naandika kila kitu kwa pamoja. Ninayoizungumzia ni Toyota Probox ile body ya kwanza, chesisi NCP51, injini 1NZ ya cc 1500, gia tano za mkono, tairi za mbele ndo zinavuta. Naitumia kupiga mzigo kati ya Mombo na Lushoto, nikishuka nashuka na karoti, kabichi, viazi, msimu wa matunda nabeba peasi na matunda damu, nikipanda napanda na vitu vya dukani, sukari, sabuni, soda, na kuna siku naendelea vijiji vya juu kabisa kwenye vumbi na matope. Kwa hiyo msitegemee niongelee ulaini wa siti. Siti ni ngumu, redio ni redio, kelele za barabarani zinaingia zote, tumemaliza.

Hukumu yangu naitoa mapema: kwa milima, mzigo na barabara mbovu hii gari naipa nane kwa kumi bila kusita. Kwa mtu wa foleni ya Mbagala au Kimara kila siku asubuhi na jioni naipa tano, na hizo tano ni za injini. Na sababu ya alama zote mbili ni ileile moja, giaboksi, au niseme ule mguu wa kushoto. Hii gari inakulipa kadri unavyoelewa kinachoendelea huko chini unapokanyaga klachi, asiyeelewa itamla hela mpaka aseme Probox mbovu.

Kwanza ujue hazipatikani kirahisi. Toyota walianza kuitoa Probox 2002 pamoja na pacha wake Succeed, gari ya mafundi na watu wa ofisi kule Japani, na ikawa na matoleo ya oto ya gia nne na ya mkono ya gia tano. 2014 wakaibadilisha sura na gia ya mkono ikaishia hapo, zile mpya za NCP160 na NSP160 ni CVT tupu, yani oto ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu. So ukiona mtu anakuuzia Probox sura mpya anasema ni manyuali, muulize vizuri. Za mkono ni zile za zamani, NCP50 ya cc 1300, NCP51 ya 1500, na NCP55 ambayo inavuta tairi zote nne. Kwenye karatasi za mnada wa Japani tafuta F5 kwenye kiboksi cha gia, hiyo ndo gia tano za mkono, mkonga (fimbo ya gia) ukiwa chini sakafuni. Nyingi zinazoshuka bandarini ni oto kwa hiyo utasubiri kidogo, vumilia tu.

Sasa tuingie kwenye klachi maana hapa ndo watu wanapoliwa.

Injini ikishawaka haijui kusimama, hata ikiwa silensa, yani imewaka tu hujakanyaga mafuta, inazunguka mara mia saba mia nane kwa dakika wakati tairi zako zimetulia kabisa, kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuwakutanisha hawa wawili taratibu bila kuvunja chochote. Nyuma ya injini kuna duara zito la chuma linaitwa flaiwili, hilo linazunguka na injini muda wote. Juu yake imefungwa presha pleti ambayo ina springi bapa ya vidole vidole, na katikati yao imebanwa klachi pleti yenyewe, sahani nyembamba yenye lining (ile ngozi ya kusuguana) pande mbili na tundu la meno katikati ambalo linakaa kwenye shafti ya kuingilia giaboksi. Mguu ukiwa umeutoa, springi inabana na vyote vinazunguka pamoja, nguvu inaenda. Ukikanyaga, masta silinda inasukuma mafuta ya breki mpaka silinda ndogo iliyoko kwenye giaboksi, ile inasukuma uma, uma unasukuma rilizi beringi, beringi inabonyeza vile vidole na presha pleti inaachia. Klachi pleti inabaki inaelea, injini inazunguka kivyake, giaboksi kivyake. Basi, hakuna uchawi.

Sasa pale katikati, mguu unapoanza kuinuka na gari inaanza kuhema kidogo, pale klachi pleti inateleza kwenye flaiwili huku inashika shika, na ndo sehemu pekee ambayo lining inalika. Ikishashika kamili hailiki, ikishaachia kabisa hailiki, inalika hapo tu. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya gari. Pedali ya Probox ni nyepesi na unaisikia vizuri inaposhika, hilo nalisifia sana, hata mdogo wangu niliyemfundisha hii gari alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Wenye zile pikapu za zamani za dizeli wanajua pedali nzito ni kitu gani, jioni goti linauma.

Njia ya kutoka Mombo kupanda Soni ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba upande mwingine korongo, na kila mara unajikuta umesimama nyuma ya lori la mbao linalojivuta. Hapo utaona dereva na dereva. Kuna anayebalansi gari kwa klachi, yani hakanyagi breki wala hajavuta hendibreki, gari imesimama mlimani kwa nguvu ya klachi peke yake na yeye anaona raha kwamba ni mtaalam, kumbe muda wote ule flaiwili inazunguka na klachi pleti imesimama, zinasagana, joto linapanda, baadae kidogo ile harufu ya kuungua inaingia ndani abiria wanatazamana. Vuta hendibreki bana. Weka namba moja, ongeza moto kidogo, inua mguu mpaka usikie pua ya gari inataka kunyanyuka, ndo uachie hendibreki. Ya Probox ni ya kuvuta kwa mkono katikati ya siti, inashika vizuri tu kama fundi kaikaza, na kwa njia hiyo gari haitarudi nyuma hata kidogo hata ikiwa na mzigo.

Mzigo nao tuongee. Toyota wameiandikia kilo 400 mkiwa watu wawili, na 250 ikiwa na watu watano. Kwetu huku hizo namba ni kama ushauri, unaona Probox imeshuka nyuma mpaka raba za kuzuia matope zinagusa chini, juu kwenye keria kuna magunia, ndani watu saba na kuku. Sitetei. Ila naomba ujue kwamba hiyo kilo ya ziada inapita yote kwenye ile sahani nyembamba niliyoielezea kila unapoondoka, ndo maana gari mbili za mwaka mmoja, moja klachi inakaa miaka na nyingine inaungua ndani ya msimu mmoja wa viazi.

Kwenye gia zenyewe sasa. Namba moja kwenye hizi giaboksi ndogo za Toyota ni kama 3.5 kwa 1, na baada ya hapo nguvu inapita kwenye difu, gia ya mwisho inayogawa nguvu kwa tairi, ambayo ni kama 4 kwa 1, ukizidisha unapata injini inazunguka kama mara 14 ndo tairi izunguke mara moja. Spidi umeitoa sadaka umepewa nguvu. Namba mbili inashuka kwenye 1.9 hivi, namba tatu 1.3, namba nne karibu sawa kwa sawa, na tano iko chini ya moja, yani shafti ya kutokea inazunguka kuliko injini yenyewe, hiyo ni ya kutembelea tu siyo ya kupandia. Angalia pengo hapo, kutoka moja kwenda mbili ni kubwa, alafu yanaendelea kupungua. Hii ndo sababu Probox ikiwa na mzigo ukitoka moja kwenda mbili mapema mlimani inakufa nguvu ghafla unabaki unakanyaga tu haiendi, lazima uivute namba moja ipige kelele kidogo ndo upangue, ukiweka mbili inapokelewa ikiwa bado na pumzi. Na hizi gari nyingi za bei ya chini hazina mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi, yangu haina, kwa hiyo unaendesha kwa sikio. Mwanzoni utaona kero, baadae unajua kwa mlio tu gia gani inafaa kona gani. Kupanda Soni mimi namalizia karibu yote kwa mbili na tatu.

Kitu ambacho ukiwaambia watu hawaamini ni kwamba ukihamisha gia hapo kwenye mkonga, meno ya gia hayaingiani wala hayaachani. Yameshaingiana tangu kiwandani, gia zote za mbele zinazunguka zikiwa zimeshikana jozi kwa jozi muda wote. Ila kila jozi ina gia moja ambayo iko huru kwenye shafti yake, inazunguka tu bila kuivuta. Unachofanya wewe ni kusukuma bangili ya chuma, iko kwenye shafti, inateleza inaenda kuifunga ile gia huru kwenye shafti ili sasa wazunguke pamoja. Mkonga unasukuma uma mdogo, uma unasukuma bangili, bangili inafunga gia moja kwa wakati mmoja. Nyutro maana yake hakuna gia hata moja iliyofungwa, zote zinazunguka bure.

Na hapo kuna shida ndogo, bangili inazunguka kwa spidi ya tairi na ile gia inazunguka kwa spidi nyingine, ukizilazimisha zinasagana. Kazi ya kuzilinganisha inafanywa na ringi ya shaba ya sinkro. Konda wa daladala akitaka kudandia gari ambayo imeshaondoka hasimami akaruka, anakimbia nayo kwanza sambamba mpaka miguu yake na gari viwe spidi moja, ndo anashika mlango. Sinkro ndo inafanya hivyo. Ukianza kusukuma mkonga ringi inakandamizwa kwenye koni ya gia, msuguano unaiharakisha au kuipunguza mpaka spidi zilingane, na imetengenezwa kwa ujanja kwamba kabla hazijalingana meno yake yanaizuia bangili isipite. Zikilingana tu njia inafunguka, unasikia mkonga unaingia wenyewe. Kwa hiyo ile sekunde ambayo mkonga unakukatalia kidogo, giaboksi inafanya kazi yake, iache imalize, mkono laini, usiupige ngumi.

Mnaolalamika kwamba manyuali ni mateso mngeishi enzi za bila sinkro. Magari ya mwanzo kabisa, ya kina Panhard na Levassor kule Ufaransa miaka ya 1890, meno yenyewe ndo yalikuwa yanasukumwa yakutane yakiwa yanazunguka, kelele zake waza mwenyewe. Sinkro ilikuja kwenye gari za kununua na Cadillac wa Marekani mwaka 1928, kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili kila gia, anatoa gia, anaachia klachi akiwa nyutro, anapimia moto, anakanyaga tena, anaingiza. Na siyo historia tu, yale malori ya Kimarekani yenye giaboksi za Eaton Fuller mpaka leo hayana sinkro, dereva wa Freightliner anayeenda Tunduma anaifanya hiyo kazi kwa sikio usiku kucha huku anakula mahindi ya kuchoma. Hawa watu wapewe heshima yao.

Asubuhi za mwezi wa saba Lushoto baridi ni kali na Probox ikilala nje, namba mbili inakuwa ngumu dakika za kwanza. Msiogope, oili imeganda kidogo na ringi ya shaba inashindwa kuikata haraka, ikipata joto inalainika. Ila ikiwa ngumu hata mchana hapo kuna tatizo. Na kwenye oili naomba mnisikilize vizuri. Giaboksi hii inataka oili ya gia 75W-90, tafuta yenye GL-4 (daraja la oili ya gia) kwenye dumu, lita mbili hivi zinatosha, na humohumo ndo na difu inaogea maana giaboksi na difu ni boksi moja kwenye gari za kuvuta mbele. Baadhi ya zile za GL-5 zina dawa za salfa ambazo shaba ya sinkro haizipendi. Kuna mafundi wanapenda kumimina ile nzito namba 140 ili giaboksi iliyochakaa inyamaze, na kweli inanyamaza, unaondoka umefurahi, alafu baada ya muda gia haziingii kabisa asubuhi. Ukinunua gari mkononi mwa mtu mwaga ile oili uweke yako, na uichungulie inavyotoka. Chembe laini za kung'aa kidogo ni kawaida, vipande vya kushikika kwa kidole ni msiba.

Rivasi ni habari nyingine. Haina sinkro kwenye hizi giaboksi na ndo gia pekee ambayo kweli meno yanachomekwa, kuna kigia cha tatu kinasogea kinaingia katikati ya wawili ili mzunguko ugeuke. Meno yake yamenyooka, za mbele yamelala kwa mshazari ndo maana ziko kimya na rivasi inalia ule mluzi wake. Mtu anauliza mbona inalia nikirudi nyuma, ndugu yangu Probox zote zinalia, na gari nyingine karibu zote. Ila ukiingiza rivasi gari bado inasogea utasikia krrr, hayo ni meno yanapungua. Simama kabisa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu moja mbili ndo uingize.

Kushuka sasa, na hapa ndo nane zangu kwa kumi zinatoka. Kutoka Lushoto kwenda Mombo ni kilomita zaidi ya thelathini na karibu zote unashuka. Ukiwa na manyuali unashuka na gia uliyoichagua wewe, namba mbili kwenye kona mbaya namba tatu kwenye penye unafuu, mguu umetoka kwenye mafuta na injini yenyewe ndo inaizuia gari, breki unagusa tu kuingia kona. Ukifika Mombo rimu zina joto la kawaida. Sasa kuna hii imani ya kupiga nyutro kwenye mteremko eti unaokoa mafuta, imeua watu na haiko hata kweli. Injini ya 1NZ ni ya EFI, yani mafuta yanapimwa na kompyuta, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta na gari inasukuma injini, kompyuta inakata mafuta kabisa, nozeli hazimwagi kitu. Ukiweka nyutro injini inarudi silensa na lazima inywe ili isizime. Yani umejitoa uhai kwa kutumia mafuta MENGI zaidi. Na breki peke yake kwenye mteremko mrefu na mzigo zinachemka mpaka pedali inazama. Kuna jamaa zangu wa oto wanashuka kwenye D mwanzo mwisho huku wanakanyaga breki njia nzima, harufu unaisikia ukipishana nao, wakati hata hiyo oto ina L na 2, gia za chini, pale pembeni.

Tukilinganisha kwa haki, Probox ya oto siyo mbaya. Ya gia nne inajua kazi yake, kwenye lami ya tambarare na mjini ni starehe. Lakini mlimani na mzigo inachanganyikiwa kati ya mbili na tatu, inapanda inashuka inapanda, kwa sababu yenyewe haioni kona iliyoko mbele na wewe unaiona. Na kitu kingine cha kijijini, betri ikifa manyuali watu wanasukuma, unaweka namba mbili, ikipata mwendo unaachia klachi inawaka, mnaendelea na safari. Oto utaenda kutafuta waya wa kuchaji kwa jirani.

Mabaya yake. Foleni nimeshasema. Masafa marefu pia, ukitoka Mombo kwenda Dar kwenye lami ukiwa 100 namba tano, injini iko kwenye elfu tatu hivi inakuimbia mpaka Chalinze, ungetamani kuwe na sita na hakuna. Mkonga wake ni mrefu na una kucheza kidogo, siyo ile ya kubofya ukasikia tak, na bushi zake zikichoka unakuwa unatafuta gia unakoroga. Spea za giaboksi ya oto zinapatikana kirahisi kuliko ya mkono kwa sababu gari nyingi ni oto, hilo lipo, ingawa giaboksi nzima za mtumba zipo Kariakoo Gerezani pale ukienda na mtu anayezijua.

Klachi yenyewe inakuja siku itaisha, ni kitu cha kulika kama brekipedi. Dalili utaziona, pedali inashikia juu sana karibu na mwisho, ukipanda mlima injini inapiga kelele lakini spidi haiongezeki. Ikifika hapo badilisha seti nzima, pleti, presha pleti na rilizi beringi, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha giaboksi na kazi hiyo ni ileile ukibadilisha kimoja au vitatu. Mwambie fundi aitazame na flaiwili, ikiwa na madoa ya bluu au mistari ipelekwe ikachongwe, na zile oili sili za drive shafti na ya nyuma ya injini abadilishe akiwa hukohuko, maana oili ikivujia kwenye klachi mpya umetupa hela. Feki zimejaa. Kuna duka moja lilinipa boksi zuri lenye kila nembo, fundi wangu akaitoa pleti akaitikisa tu, springi zake za katikati zinacheza na ribiti moja imekaa upande, akasema mzee hii sifungi kairudishe. Dukani wakaipokea kwa mbinde. Nenda na fundi dukani au nenda na ile ya zamani mkononi uzilinganishe uzito.

Na mkono wako usiishi juu ya mkonga. Najua inapendeza, lakini ule uzito mdogo unasukuma uma ndani, uma unagusa bangili inayozunguka, unaliwa kidogo kidogo. Mguu vilevile, ukimaliza kupangua uweke pembeni kabisa ya pedali, ukiupumzisha juu yake rilizi beringi inashinda inafanya kazi bure na pleti haibanwi sawasawa.

Kwa anayeenda kukagua moja ya kununua, fanya hivi na mwenye gari akiwepo. Gari ikiwa imewaka nyutro mguu umetoka, sikiliza. Kama kuna mlio wa beringi alafu ukikanyaga klachi unapotea, hiyo ni beringi ya shafti ya giaboksi, gharama kubwa. Kama kimya alafu ukikanyaga ndo mlio unakuja, ni rilizi beringi, nafuu kidogo lakini bado giaboksi inashuka. Kisha vuta hendibreki mpaka mwisho sehemu tambarare pasiwe na mtu mbele, weka namba tatu, achia klachi taratibu huku unaongeza moto kidogo. Injini ikizima palepale klachi nzima. Ikiendelea kuunguruma na gari imesimama, klachi inateleza. Jaribio hili mara moja tu usirudie rudie unaimaliza klachi ya watu. Alafu endesha, kwenye tatu na nne achia mafuta ghafla uone kama mkonga unaruka wenyewe kwenda nyutro, ukiruka meno ya bangili yamechoka au mauntini (raba zinazoshikilia injini na giaboksi) zimekatika, na mauntini ni bei ndogo kwa hiyo anza kuzitazama hizo kabla hujakimbia. Gia zote zikiwa ngumu kuingia gari ikiwa imesimama imewaka, rivasi inalia krrr hata ukisubiri, lakini ukizima injini zinaingia zote laini, hapo klachi haiachii vizuri, chungulia kikopo cha mafuta ya klachi na ile silinda ya chini kama inavuja. Mara nyingi ni raba tu za silinda, kitu cha nusu siku kwa fundi, na muuzaji ambaye hajui atakuwa ameshaishusha bei akidhani giaboksi imekufa. Hiyo ukiikuta usimwambie mpaka mmeandikishana.